Batri haikuzaliwa chini ya kapo

Muulize shofere yeyote wa Lubumbashi batri ya motokari inakaa fasi gani. Atakuonyesha kapo bila hata kufikiri. Lakini siku hizi kuko mafundi wetu wanaotosha batri pale mbele na kuitia nyuma, ndani ya kofre. Wamoja wanafanya vile juu ya wizi, sababu kapo ya motokari ya zamani inafunguka kwa tournevis tu. Wengine ni juu ya muziki mukubwa. Wengine wameweka moteri kubwa kuliko ile ya kiwanda, na fasi ya batri imekosekana. Watu wakiona, wanacheka: hayo ni maajabu ya Katuba!

Hapana. Hiyo kazi ya kuhamisha batri iko na historia ndefu, na viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani viliifanya mbele yetu. Mimi nilisoma historia, sikusoma mekaniki, kwa hiyo nitaifuata kwa njia ya watu wa historia: nani alihamisha nini, mwaka gani, na alilipa nini. Ninawaambia toka mwanzo kwamba ukiifuata batri vizuri, utajikuta unafuata kable.

Tuanze Ufaransa. Mwaka wa 1859 Gaston Planté alitengeneza batri ya kwanza ya risasi na asidi inayoweza kujazwa umeme tena na tena. Mwaka wa 1881 Camille Faure akapata njia ya kupaka vibao vya ndani uji wa risasi, ili vibebe umeme mwingi zaidi. Mwaka uleule Gustave Trouvé aliendesha ndani ya Paris baiskeli ya magurudumu matatu iliyosukumwa na umeme wa batri. Na tarehe 29 Aprili 1899, Mubelgiji Camille Jenatzy, kwenye motokari yake La Jamais Contente, alipita kilometa 100 kwa saa, mutu wa kwanza kufanya vile barabarani. Hakukuwa na benzini hata tone moja. Kwa motokari ya namna ile hakuna mutu aliuliza batri itakaa fasi gani, maana batri njo ilikuwa karibu motokari yote.

Swali lilikuja na motokari za benzini. Zamani ziliwashwa kwa manivela: mutu anasimama mbele, anazungusha kwa nguvu, na moteri ikirudisha manivela nyuma, mukono unavunjika. Mwaka wa 1911 Mumarekani Charles Kettering alitengeneza demareri ya umeme kwa ajili ya Cadillac, na motokari za 1912 zikauzwa nayo. Sasa batri ilipewa kazi ya kusukuma chuma kizito cha moteri, si kazi ya taa na cheche peke yake. Kwa kazi ile inatakiwa umeme mwingi kwa wakati mufupi, na umeme mwingi unataka waya nene ya shaba.

Sasa angalia tarehe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli ilifika Elisabethville, muji wetu huu, mwaka wa 1910. Na mwezi wa 6 wa mwaka wa 1911, tanuru la Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza. Mwaka mumoja, demareri kule Ohio na shaba huku Katanga. Hakuna aliyepanga zikutane, lakini mambo hayo mawili yalihitajiana, na sisi tuliozaliwa chini ya cheminée ya Gécamines tungepaswa kufundishwa tarehe hizo pamoja. Mimi nilifundishwa moja tu.

Basi, demareri imekuja, batri itakaa wapi? Wakati ule kila mutengenezaji aliitia fasi aliyoiona tupu: ndani ya sanduku kwenye kikanyagio cha pembeni, chini ya sakafu, chini ya kiti. Ford Model A, iliyotoka mwisho wa mwaka wa 1927, ilikuwa nayo chini ya mbao za sakafu ya mbele. Kupima maji yake, unainua mbao kwanza.

Ile ambayo wazee wetu waliijua zaidi ni Volkswagen, Coccinelle. Moteri ilikuwa nyuma, kofre ilikuwa mbele, na batri ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kuume. Kwa muda murefu ilikuwa batri ya volti 6 tu. Fasi ile ilikuwa na akili: karibu na moteri, kable fupi, uzito chini. Lakini kiti kilikuwa na chuma za spring ndani. Kama kifuniko cha batri kimepotea, na papa muzito mumoja akaketi upande wa kuume, spring zinashuka, zinagusa vichwa viwili vya batri, na kiti kinaanza kutoa moshi chini ya abiria. Mutu yeyote aliyetunza Coccinelle anajua kwamba kile kifuniko hakitupwi. Mukumbuke hilo jambo la kifuniko.

Kule Marekani, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930, batri ilianza kuhamia karibu na moteri, chini ya kapo, na kisha vita karibu wote wakafuata. Sababu ni rahisi. Kijana wa kituo cha benzini anaweza kuangalia maji ya batri na mafuta ya moteri kwa kufungua mara moja. Kable inakuwa fupi, haifiki hata meta moja, na feza inabaki mufukoni mwa kiwanda. Kisha zikaja volti 12: Cadillac na Oldsmobile zilihama kutoka volti 6 mwaka wa 1953, na nyingine nyingi katika miaka ileile. Ukiongeza volti mara mbili, kazi ileile inafanywa kwa nusu ya ampere. Ndani ya Peugeot 404 na 504 zilizobeba Zaïre nzima, batri ilikuwa palepale mbele, na njo pale sisi wote tulijifunza kwamba hiyo ni nyumba yake.

Sasa tufike kwa yule aliyeitosha pale kwa makusudi.

Mwaka wa 1956 kulikuwa vita ya mufereji wa Suez. Mafuta yalikosekana Uingereza, watu wakapangiwa benzini kidogo kidogo. Kampuni ya British Motor Corporation ikamuomba Alec Issigonis, aliyezaliwa Smyrna, ile inayoitwa leo Izmir, achore motokari ndogo sana ya kubeba watu wane. Ilitoka mwezi wa 8 mwaka wa 1959, na tunaijua kwa jina la Mini. Urefu wake ulikuwa meta 3 na sentimeta 5 tu. Ili kupata fasi ya watu, Issigonis aligeuza moteri ikalala kwa upande, akaweka giaboksi chini ya moteri, ndani ya mafuta yaleyale, na magurudumu ya mbele njo yakavuta.

Unaona tatizo? Kila kitu kizito kilikuwa mbele: moteri, giaboksi, radiateri. Nyuma kulikuwa hewa. Wakati wa kujaribu, ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi kabisa, na magurudumu ya nyuma yanajifunga na kuteleza. Dawa moja ilikuwa kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Dawa nyingine ilikuwa kuchukua batri na kuipeleka mwisho kabisa, chini ya sakafu ya kofre.

Mutu atasema: batri kilo 18, inabadilisha nini? Muliokuwa munasukuma pusipusi munajua jibu. Mufuko wa makaa ukiuweka juu ya gurudumu, mikono haisikii kitu. Uusogeze nyuma ya gurudumu, vishikio vinakuinua. Chukua motokari ambayo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna meta 2.5. Batri ya kilo 18 ilikuwa mbele, unairudisha nyuma meta 3.5. Zidisha 18 kwa 3.5, gawanya kwa 2.5: unapata kilo 25 na kidogo. Magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 25, ya nyuma yanaongezewa kilo 25. Ni zaidi ya uzito wa batri yenyewe, sababu iliondoka mbele ya magurudumu ya mbele na ikafika nyuma ya yale ya nyuma. Na motokari haikuongezewa hata kilo moja, isipokuwa uzito wa kable.

Issigonis alijua kwamba kable haitolewi bure. Ndani ya Mini inapita chini ya sakafu, kutoka kofre mpaka mbele, fasi inapokutana na mawe na matope. Mini ilishinda rally ya Monte Carlo mwaka wa 1964, 1965 na 1967, na mutu anayenunua Mini ya zamani leo anaambiwa alale chini kwanza aangalie ile kable kama ngozi yake haijakatika. Miaka zaidi ya 60, na kitu cha kuogopa ni kilekile.

Kwa wakati uleule Wamarekani walifika kwa jambo hilohilo kwa mulango mwingine: mashindano ya mbio fupi, ya kunyooka, ya kuondoka fasi moja kama risasi ya bunduki. Kule kinachotafutwa ni magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Mwaka wa 1964 Ford ilitengeneza Fairlane ya mashindano, Thunderbolt, yenye batri kubwa ndani ya kofre. Mwaka wa 1968 Dodge Dart na Plymouth Barracuda za mashindano zilitoka vilevile. Waliiweka nyuma upande wa kuume, na hiyo haikuwa bahati: moteri ikivuta kwa nguvu, arbre inayozunguka inajaribu kuinua gurudumu la nyuma la kuume, na shofere wao ameketi upande wa kushoto. Kwa hiyo batri ilipewa kona inayokosa uzito.

Porsche walifanya kinyume, na mimi ninapenda mufano huu kuliko yote. Porsche 911 moteri yake iko nyuma kabisa, na mukia wake ulipenda kupita mbele kwenye kona. Kwa motokari za 1969 walitia batri mbili, moja kila kona ya mbele, karibu na taa. Hesabu ni ileile ya pusipusi, ila imegeuzwa.

Watu wa mashindano waligundua kitu ambacho mafundi wetu wengi hawajasikia. Chama chao, NHRA, kinadai kwamba motokari yenye batri iliyohamishwa nyuma iwe na enteruteri kubwa inje, mwisho wa motokari, iliyoandikwa wazi fasi ya kuzima, ili mutu wa zimamoto afike na kukata umeme bila kufungua kitu. Na hawakutosheka na vile. Enteruteri ile lazima izime na moteri pia. Kwa nini? Sababu altanateri imebaki mbele. Ukikata batri nyuma na moteri inazunguka bado, altanateri inaendelea kulisha motokari, na ile kable ndefu inabaki na moto ndani kutoka upande mwingine. Ni kitu kidogo, lakini kinaonyesha kwamba waliokaa wakafikiri walifikiri juu ya kable, batri ilikuwa imekwisha kuwa jambo la pili.

Tuitazame sasa hiyo kable, maana njo imefika kwetu.

Demareri ya moteri ndogo inaweza kula ampere 200. Kable ya shaba ya meta 5, yenye unene wa milimeta mraba 35, inapoteza karibu nusu volti tu kwa umeme ule. Ukitia kable ya milimeta mraba 10, ileile ya meta 5, unapoteza volti 1.7. Batri ikifanya kazi ya kuwasha imeshuka tayari mpaka volti 10 hivi, kwa hiyo demareri inabaki na 8 na kidogo. Inazunguka kama imechoka. Shofere anasema batri imekufa, ananunua nyingine, na mambo ni yaleyale. Zaidi ya hapo, zile volti zilizopotea hazikwenda mbinguni. Zinageuka joto ndani ya waya: 1.7 mara 200, ni wati 340, chini ya tapi, kila mara anapoendelea kushika ki.

Na unene ni bei. Ndani ya muji uliojengwa juu ya shaba, katika inchi ambayo ni moja ya zile zinazotoa shaba nyingi zaidi duniani, kable ya shaba nene ni kitu ambacho shofere wa taksi anakipima kwa macho na kuomba kifupi zaidi, chembamba zaidi. Siku hizi sokoni kuko na kable zenye ngozi nzuri, nyekundu, nene kama kidole, na ukizikata ndani ni aluminiumu iliyopakwa shaba juu. Zinabeba umeme kidogo sana kuliko shaba ya unene uleule. Shaba yetu inapita Kasumbalesa juu ya malori, na kwa barabara ileile inarudi aluminiumu iliyovaa rangi yetu. Sitasema zaidi, nisije nikatoka kwenye motokari. Fundi muzuri mumoja alinionyesha kwamba kable ya soudure ni nzuri kwa kazi hii: ni nyuzi nyembamba nyingi, inapinda bila kuvunjika, na kwa mafundi wa soudure haikosekani.

Lakini unene ni nusu ya jambo. Kable ya kawaida, kutoka batri mpaka demareri, mara nyingi haina fizible. Watu wanashangaa wakisikia, lakini ni kweli. Kwa motokari ya kawaida yenye batri mbele, kable ile ni fupi, haipiti ndani ya chuma chochote, haikanyagwi na mutu, kwa hiyo viwanda vingi viliona hakuna haja. Ukiirefusha mpaka nyuma, sasa inapita ndani ya ukuta wa chuma, chini ya tapi, chini ya miguu, chini ya kiti, pembeni ya tanki ya benzini. Ni kable tofauti kabisa, hata kama imetoka kwenye rulo moja na ile fupi. Batri ya motokari ndogo, vichwa vyake vikigusana kupitia chuma, inatoa ampere mamia kwa mamia, na karosri yote ni kichwa kimoja cha batri.

Miaka michache iliyopita, mutaani kwetu, shofere mumoja wa taksi aliibiwa batri mara mbili kwa mwezi mumoja. Motokari haikuwa yake, alikuwa analipa versement kila siku kwa mwenyewe. Fundi wa karibu akamwambia: tuitie nyuma, hakuna mwizi atajua. Ilifanywa kwa saa tatu. Batri ilifungwa kwa kamba ya mupira wa pine. Kable ilipita ndani ya tundu la ukuta wa chuma lililotobolewa siku ileile, bila mupira wa kulinda, kisha chini ya tapi, upande wa mulango. Ilifanya kazi vizuri kwa wiki tatu. Tulimupongeza.

Siku moja magharibi, njia ya Kenya, na abiria watano ndani, moshi ulitoka chini ya miguu ya mama aliyeketi mbele. Shofere akazima ki. Moshi ukaongezeka. Ki haikati ile kable, ile kable haijui ki. Akakimbia nyuma kutosha batri, na kofre ilikuwa imejaa mifuko ya unga ya abiria, na batri chini yake. Wakatosha mufuko wa kwanza, wa pili. Mikono ikashindwa juu ya joto. Watu wote walitoka, Mungu asifiwe, mama yule alichomeka mguu kidogo. Motokari ilibaki chuma. Shofere analipa mpaka leo, kwa kazi nyingine. Fundi yule hakuwa mutu mubaya wala mujinga. Alikuwa ameona batri ndani ya kofre kwenye motokari za Ulaya, na aliiga alichokiona. Fizible ya ampere 200 au 250, karibu na kichwa cha batri, sentimeta 30 hivi, haionekani kama hujui kuitafuta. Mupira wa tundu hauonekani kabisa.

Na viwanda vya Ulaya vilifanya nini? BMW iliweka batri ndani ya kofre kwa motokari zake nyingi, ili uzito ugawanyike nusu mbele na nusu nyuma. Mwisho wa miaka ya 1990 walianza kutia juu ya kichwa cha batri kifungio chenye baruti kidogo ndani. Motokari ikigonga kwa nguvu, ishara ileile inayofungua mifuko ya hewa inalipua kile kifungio, na kable ndefu ya mbele inakatwa palepale kwenye batri. Taa za hatari zinabaki, mulango unafunguka, lakini kable inayopita motokari nzima inakuwa waya iliyokufa. Wakubali au wasikubali, wale mainjinia walisema wazi kwamba kable yao wenyewe waliiogopa.

Kitu cha pili walichotia ni mupira mwembamba kama wa serum ya hospitali. Mazda MX-5, iliyotoka mwaka wa 1989, ina batri ndani ya kofre toka kiwandani, tena batri ya kufungwa, na mupira ule unatoka batri mpaka inje chini ya motokari. Batri ikijazwa umeme, hasa ikijazwa kupita kiasi, inatoa hidrojeni na oksijeni. Chini ya kapo upepo unachukua. Ndani ya kofre hakuna upepo, na hidrojeni inaanza kuwaka ikifika sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa. Cheche ya enteruteri ya taa ya kofre inatosha. Na jambo hili linatugusa sisi zaidi ya wenye MX-5: motokari nyingi zinazotufikia kutoka Japani hazina kofre ya kweli. Ni mulango wa nyuma, kisha kiti. Hewa ya batri ni hewa ya watoto wanaoketi pale. Ukisikia harufu ya mayai mabovu ndani ya motokari ya namna ile, simama, fungua milango yote, usiwashe kitu.

Nisiwe mutu wa kulaumu tu. Kuko faida ambayo kwetu ni kubwa kuliko uzito: joto. Joto linaua batri haraka; hesabu inayotumiwa ni kwamba kila digrii 10 zinazoongezeka zinakata maisha yake karibu nusu. Mwezi wa 10, kabla ya mvua, mutu aliyefungua kapo saa 8 za muchana anajua ninasema nini. Nyuma kuna baridi zaidi. Wanaohamisha batri kwa sababu hiyo wako na haki yao, mradi walipe kable nene, fizible, mupira wa tundu, chuma cha kuifunga na mupira wa hewa. Mafundi wachache wa hapa wanalipa vyote vitano. Ninawajua wawili, na foleni kwao ni ndefu.

Ya mwisho ni Toyota Prius, iliyotoka Japani mwaka wa 1997. Ndani yake kuna batri kubwa ya kusukuma motokari, na pembeni batri ndogo ya volti 12, ambayo kwa miaka mingi ilikaa nyuma. Watu walinunua, batri ndogo ikafa, wakafungua kapo, hawakuiona. Wakaenda nyuma: mulango wa nyuma unafunguliwa kwa umeme, na umeme njo uliokufa. Mutu muzima, na suti yake, analazimika kupita juu ya viti vya nyuma kwa magoti. Kwa ajili yao Toyota ilikuwa imetia mbele, ndani ya sanduku la fizible, kichwa kimoja kidogo cha chuma chenye kifuniko chekundu, cha kuazimia umeme kutoka motokari nyingine. Kichwa kile ni mwisho wa ileile kable ndefu. Prius ya kizazi cha nne ilipotoka, mwisho wa mwaka wa 2015, wakairudisha batri ndogo mbele, chini ya kapo.